Kabati la kuficha vifaa vya umeme: maswali ninayoulizwa kila mara

Maswali haya yamejikusanya kwenye daftari la karakana yangu. Mengine huletwa na mtu aliyetundika runinga mpya ukutani, akarudi nyuma hatua tatu, akaona waya zinaning'inia kama mizizi ya mkoko. Mengine huletwa na mtu ambaye kabati lake la kwanza lilishaunguza king'amuzi. Hao wa pili ndio wanaosikiliza vizuri zaidi.

Nianze na kabati au na vifaa?

Anza na vifaa. Vipange sakafuni, vichomekee waya zote, ndipo upime. Watu hupima boksi tupu la kifaa wakasahau kwamba plagi na waya vinavyotoka nyuma vinahitaji nafasi ya kujipinda. Kifaa chenye kina cha sm 28 kitataka kabati la sm 35 au zaidi. Plagi ngumu zisizopindika za HDMI, yaani kebo ya kupeleka picha na sauti, nazo zinataka nafasi yake.

Kisha jibu maswali matatu kwa kila kifaa. Kinatoa joto kiasi gani? Rimoti yake inataka kukiona, au inafanya kazi hata ukiwa chumba cha pili? Na kinaguswa mara ngapi kwa wiki? Ruta huguswa mara mbili kwa mwaka, inaweza kukaa nyuma kabisa. Konsoli ya gemu ya mtoto huguswa kila jioni, na ukiiweka mahali pa kupiga magoti, mlango utabaki wazi daima na kazi yako yote ya kuficha imekwenda bure.

Lakini baada ya kuvipima, usivishonee kabati kama fundi cherehani anavyomshonea mteja suti. Kabati lililoungwa vizuri linaweza kukaa miaka 30. Ruta haifikishi hata theluthi ya hiyo. Nyumba nyingi zilikuwa na makabati makubwa yenye kina cha sm 60 na mlango wa karibu mraba, yametengenezwa kwa ajili ya runinga za zamani zenye mgongo mrefu. Runinga bapa zilipoingia, zilikuwa pana kuliko mlango na nyembamba kiasi kwamba nusu ya kabati ilibaki tupu. Mbao zilikuwa bado nzima. Kilichokufa ni kipimo. Mwaka 2012 kampuni ya samani ya IKEA walitoa samani iliyokuja na runinga yao wenyewe ndani, iliitwa Uppleva, nayo haikudumu sokoni. Mimi hujenga nafasi: rafu za kupandishwa na kushushwa, mgongo wa kufunguka, upana wa ziada. Kitakachokaa humo miaka 10 ijayo bado hakijatengenezwa.

Hii fasheni imeanza lini?

Ni ya zamani kuliko runinga. Mwaka 1906 kampuni ya Victor Talking Machine ilitoa santuri iliyoitwa Victrola. Kabla yake, santuri za nyumbani zilikuwa na pembe kubwa kama tarumbeta iliyotokeza sebuleni na kukusanya vumbi. Victrola iliikunja pembe hiyo ndani ya kabati, na milango miwili midogo mbele ikawa ndiyo ya kuongeza na kupunguza sauti: ukiifungua sauti inapanda, ukiifunga inashuka. Hapo samani ilikuwa sehemu ya chombo, na bado naona hakuna suluhisho safi kuliko lile.

Mwaka 1939, kampuni ya RCA walionyesha runinga ya TRK-12 kwenye maonesho ya dunia ya New York. Bomba la picha lilikuwa refu mno kulazwa ndani ya kabati la kawaida, wakalisimamisha likitazama juu, wakaweka kioo kwenye mfuniko. Watu walitazama taswira ndani ya kioo. Mwaka 1956 kampuni ya Braun walikwenda kinyume kabisa: wabunifu Dieter Rams na Hans Gugelot wakaipa redio na santuri ya SK4 mfuniko wa plastiki angavu, kila kitu kionekane. Mvutano huo haujaisha. Mwaka 2017 Samsung walileta The Frame, runinga inayojifanya picha ya ukutani, na mwaka 2019 IKEA na Sonos wakatoa spika iliyo taa ya mezani na nyingine iliyo rafu.

Vifaa vyangu vinapata joto sana ndani ya kabati. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote ni mapambo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kifaa hugeuka joto humo humo. Ruta au king'amuzi hula wati 10 hadi 20, konsoli kubwa ya gemu huweza kufika wati 200 mchezo ukikolea. Ukifungia hiyo konsoli kwenye boksi la mbao umetengeneza tanuri, na mbao haipitishi joto kwa urahisi.

Hewa yenye joto hupanda, na hapo ndipo pa kuanzia kwa sababu ni bure. Kata uwazi chini, kata mwingine juu upande wa nyuma, na hewa itajivuta yenyewe kama moshi kwenye dohani. Uwazi wa juu na wa chini ulingane. Wa juu ukiwa mkubwa na wa chini ni kitundu, hewa haina pa kuingilia. Rafu nazo zisibane mgongo wa kabati. Acha mwanya wa sm 4 au 5 nyuma ya kila rafu, la sivyo kila ghorofa inakuwa chumba kilichofungwa peke yake.

Kosa ninalokutana nalo kila mara ni tundu moja la mviringo nyuma ya kabati, katikati, limejaa waya pomoni. Mwenye nyumba anahesabu amelipatia kabati pumzi. Ameziba pua kwa kidole.

Angalia pia kifaa chenyewe kinapumulia wapi. Konsoli nyingi hutupa joto nyuma, amplifaya hutupa juu, projekta nyingi hutupa ubavuni. Kifaa chenye joto kikae juu ya vingine, na pasiwe na kitu cha kukilalia mgongoni. Niliwahi kupanga amplifaya chini na king'amuzi juu yake kwa sababu amplifaya ilikuwa nzito. King'amuzi kilikuwa kinajizima kila usiku saa tatu. Ilinichukua wiki nzima kuelewa, nami ndiye niliyejenga.

Mzigo wote ukiwa chini ya wati 40 hivi, uwazi wa juu na chini hutosha. Ukizidi hapo, fikiria feni.

Feni ya ukubwa gani?

Kuna hesabu nyepesi. Chukua wati za vifaa vyote, gawanya kwa nyuzi za joto unazokubali hewa ya ndani iizidi ya chumbani, kisha zidisha kwa 3. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Wati 100 na nyongeza ya nyuzi 10: mita za ujazo 30 kwa saa. Konsoli ya wati 200: 60. Feni ya kompyuta ya mm 120 hufika hapo bila kuhema, ila ujue kipimo cha kwenye boksi kimepimwa bila wavu wala waya mbele yake. Mimi hutegemea nusu tu.

Chagua feni kubwa inayozunguka polepole badala ya ndogo inayopiga mluzi. Iweke juu, ivute hewa nje. Ya kusukuma hewa ndani huingiza vumbi na kulipenyeza hadi kwenye vifaa. Usiifunge kwa skrubu moja kwa moja kwenye ubao mwembamba, kwa sababu ubao unageuka ngoma. Kati yake weka vipande vya mpira. Na nunua yenye kidhibiti joto, iwake ikifika nyuzi 30 na kitu, izime ikipoa. Feni inayozunguka saa 24 ni feni ambayo mtu ataichomoa siku moja akitafuta utulivu, kisha asiirudishe.

Nitajuaje kwamba nimefanya vya kutosha?

Pima. Weka kipimajoto ndani, karibu na dari ya kabati, washa kila kitu, funga mlango, tazama filamu nzima. Kitabu cha maelekezo cha kifaa husema kinavumilia hewa ya nyuzi ngapi. Vingi huandikwa 35 au 40. Sasa kama chumba chako kina nyuzi 30 mchana, una nyuzi 5 tu za kuchezea. Fanya jaribio hilo siku ya joto, maana kabati lililojaribiwa wakati wa baridi linadanganya.

Rimoti haifanyi kazi mlango ukifungwa.

Rimoti nyingi bado hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Unatembea kama mwanga wa kawaida, kwa hiyo ubao unauzima. Kama hujui yako ni ya aina gani, ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kamera nyingi zitaonyesha kijitaa cha zambarau kikimetameta. Usipoona kitu, jaribu kamera ya mbele, kwa sababu za nyuma mara nyingi huwa na kichujio. Ukikosa kabisa, huenda rimoti inatumia Bluetooth au redio, na hiyo inapenya mbao bila shida.

Kwa infraredi una njia tatu. Ya kwanza ni mlango unaopitisha mwanga: kioo cha rangi ya moshi, kitambaa chepesi, au henzirani iliyosukwa, zile fito nyembamba za kusukia viti. Ya pili ni kipokezi kidogo kama punje ya harage kinachobandikwa nje ya kabati, kikavutiwa waya hadi kwenye vijicho vya kubandika mbele ya kila kifaa ndani. Ni kitu rahisi, na hakionekani ukikiweka kwenye kivuli cha ukingo wa rafu. Ya tatu watu wengi wanayo bila kujua: vifaa vilivyounganishwa kwa HDMI mara nyingi vinaweza kuwashana na kuongozwa na rimoti ya runinga peke yake kupitia kebo hiyo hiyo. Tafuta CEC kwenye mipangilio ya runinga. Kila kampuni imeibandika jina lake, lakini kazi ni moja.

Je, nikificha ruta waifai itadhoofika?

Ndani ya mbao kavu, plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), utapoteza kidogo sana. Adui ni chuma, kioo cha kujitazamia na maji. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini mgongoni na hurudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura yako. Tangi la samaki pembeni mwa ruta ni ukuta wa maji. Ukiiweka ruta nyuma ya runinga unaifunga nyuma ya bamba kubwa la chuma, ingawa watu hufanya hivyo kila siku wakalaumu kampuni ya intaneti.

Wavu wa chuma unastahili tahadhari ya pekee kwa kuwa unapendeza machoni na unapitisha hewa. Wimbi la waifai ya GHz 2.4 lina urefu wa karibu sm 12.5, na la GHz 5 karibu sm 6. Matundu yakiwa madogo sana kuliko wimbi, wimbi halipiti. Ndiyo siri ya mlango wa maikrowevu, unaotumia mawimbi ya jirani kabisa: unaona chakula kikizunguka, mawimbi yanabaki ndani. Kwa hiyo mlango wa bati lenye vitundu ni mzuri kwa amplifaya na mbaya kwa ruta. Antena zikae wima, mbali na waya za umeme, na ruta isikae chini kabisa ya kabati kama kuna rafu ya juu.

Nifiche runinga nyuma ya milango, au ninunue mtambo wa kuipandisha?

Kila mtu anataka mtambo, ule wa umeme unaoinua runinga kutoka ndani ya kabati na kuizamisha tena. Kabla hujauagiza, fanya hesabu ya urefu, kwa sababu wauzaji huiruka.

Kioo cha inchi 65 kina upana wa sm 144 na kimo cha sm 81. Ili kizame chote pamoja na fremu na mtambo, kabati litafika karibu mita 1 kwenda juu. Runinga ikipanda, ukingo wake wa chini uko juu ya kabati, kwa hiyo katikati ya picha panakaa sm 140 kutoka sakafuni. Jicho la mtu aliyeketi kwenye kochi liko sm 105 au 110. Utatazama filamu kama mtu aliyekaa safu ya kwanza. Kwa inchi 43, yenye kimo cha sm 54, kabati linaweza kuwa la sm 70 na katikati ya picha ikawa karibu sm 97, na hapo mtambo unaleta raha. Mtambo unafaa pia miguuni pa kitanda, kwa kuwa aliyelala ameegemea mito anatazama juu kidogo.

Ukiuchukua, hakikisha unasimama ukigusa kizuizi. Hakikisha pia kuna namna ya kuupandisha au kuushusha umeme ukikatika, na kwamba waya zimepita kwenye mnyororo wa plastiki unaozizuia zisinaswe. Mfuniko uwe mwepesi. Mtu mmoja ataweka chombo cha maua juu yake. Hilo si swali la kama, ni la lini.

Kwa milango, ile ya kawaida ya bawaba ndiyo inayoniudhi zaidi. Ikiwa wazi inakaa katikati ya chumba kama masikio ya tembo, na baada ya wiki mbili hakuna anayeifunga. Milango inayofunguka kisha ikateleza kuingia ubavuni mwa kabati ni bora, ila inakula sm 5 au zaidi kila upande na reli zake zinataka fundi mwenye subira. Milango ya kuteleza ukutani ni rahisi kujenga na haigombani na mtu. Sharti moja: pawe na ukuta mtupu pembeni wenye upana wa mlango. Runinga ya inchi 75 ina upana wa sm 166. Milango miwili inayokutana katikati itataka zaidi ya sm 83 kila upande. Kuna pia mlango wa fito nyembamba zilizogundishwa kwenye turubai, unaojikunja kuingia ndani ya kabati. Ni kazi nzuri ya mkono, na siku mbao zikivimba kwa unyevu utakwama nusu njia. Paka nta kwenye mifereji yake.

Kuhusu runinga inayojifanya picha: inafanya kazi, hasa kwenye ukuta wenye picha nyingine. Ujue tu kwamba inapoonyesha picha hiyo imewashwa na inakula umeme.

Na spika je?

Spika ndicho kifaa kisichopenda kufichwa kabisa, kwa hiyo ukifiche kidogo. Mbele yake weka kitambaa, tena uchague kwa mdomo: kibane kwenye midomo upulize. Pumzi ikipita bila shida, sauti itapita. Ikikutana na ukinzani, utapoteza sauti nyembamba na maneno ya waigizaji yatakuwa kama yanatoka chini ya blanketi.

Uso wa spika ulingane na ukingo wa mbele wa kabati. Ukiusukuma ndani, sauti inagonga kuta za boksi na kutoka na mwangwi wa pipa. Nafasi iliyobaki pembeni ijaze sponji. Kama spika ina tundu la besi mgongoni, iachie sm 10 hadi 15 nyuma. Spika ndefu ya chini ya runinga yenye vipaza vinavyotazama juu isiwekewe rafu kichwani, kwa sababu inategemea dari kurudisha sauti.

Spika kubwa ya besi ni habari nyingine. Sauti ya hezi 40 ina wimbi la zaidi ya mita 8, na wimbi la ukubwa huo halijali kochi wala mlango wa kitambaa. Ifiche unapotaka. Kitakachokusumbua ni kila bawaba, kioo na kitasa kutetemeka. Piga wimbo wenye besi nzito, pita ukigusa kitu kimoja kimoja kwa kidole mpaka mlio ukome, kisha bandika kipande cha feltu hapo.

Waya nazo?

Tundu la waya lipitishe plagi kubwa kuliko zote, wala usipime kwa unene wa waya. Mm 60 hutosha kwa plagi nyingi. Kila rafu iwe na lake, na kingo zake zipigwe msasa zisikate ganda la waya.

Waya za umeme zipite upande mmoja, za picha na mtandao upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisitembee bega kwa bega. Waya ya ziada ya umeme usiikunje kama kamba na kuifunga, maana inashika joto, nunua fupi. Usichomeke kebo ya soketi nyingi kwenye nyingine ya aina hiyo. Ile moja uliyonayo ifunge ubavuni kwa skrubu, mahali mkono unafika bila kusogeza kabati.

Kwa HDMI ndefu, kebo ya kawaida hufanya kazi bila wasiwasi hadi mita 5 hivi kwa picha ya 4K. Kuvuka hapo, tafuta ile ya nyuzi za mwanga. Kama utavunja ukuta, zika bomba la mm 40 au 50 lenye uzi ndani. Usizike kebo peke yake. Aina ya kebo itabadilika, na uzi ndio utakaovuta mpya. Soketi mpya ndani ya ukuta ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Mimi seremala siigusi.

Andika jina la kifaa kwenye ncha mbili za kila waya. Najua hutafanya. Nimesema.

Naweza kuchajia simu ndani ya droo?

Naombwa droo za namna hii kila mwezi, nami huzijenga kwa shingo upande. Betri ya lithiamu hupata joto ikichajiwa, na droo iliyofungwa, yenye karatasi na leso, si mahali pake. Ukisisitiza: mgongo wa droo uwe wazi, chini pasiwe na kitambaa, na soketi iwe ya kujikata umeme droo ikifungwa au joto likizidi. Waya ipite kwenye mkono unaojikunja, kwa sababu droo inayofunguliwa mara kumi kwa siku huivunja waya iliyolegea ndani ya miezi.

Chaja isiyo na waya chini ya meza ni bora. Chaja za kawaida zimetengenezwa kwa umbali wa milimita chache. Kama ubao ni wa mm 18, chimba kitako chini yake hadi zibaki mm 3 au 4. Ziko pia zinazouzwa kwa ajili ya ubao mzito, zinazopiga hadi mm 20 au 30. Weka alama ndogo juu ya meza, hata doa la mbao ya rangi tofauti, la sivyo utatafuta mahali pa kuweka simu kama mtu anayetafuta miwani. Sarafu na funguo zisikae hapo, zitapata moto.

Betri ya akiba na inveta zikae kabati hilo hilo?

Betri za risasi na asidi, hapana. Zikichajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo ya swichi. Zipe mahali pake penye hewa, matundu yakiwa juu kabisa, kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa. Betri za lithiamu hazitoi gesi hiyo katika matumizi ya kawaida, ila inveta yenyewe ina feni na joto, na uzito wa vyote huvunja rafu.

Mbao gani ni nzuri?

Kwa sanduku, plaiwudi ya mm 18. Rafu ya amplifaya yenye kilo 12 isivuke sm 80 bila mhimili katikati. MDF hupakwa rangi vizuri na haipindi kwa joto, lakini maji yakimwagika kwenye ukingo usiopakwa rangi huvimba kama mkate. Mbao nzima hupanuka na kunywea kwa upande unaokata nyuzi zake, na joto la vifaa huikausha upande mmoja, kwa hiyo mlango wa ubao mpana mmoja utajikunja. Tengeneza fremu, na kidirisha cha katikati kikae huru kwenye mfereji bila gundi.

Kama ningeruhusiwa malighafi moja tu ya milango, ningechukua henzirani. Hewa inapita, sauti inapita, waifai inapita, rimoti mara nyingi inapita, na macho yanaishia pale pale. Inalegea kwa miaka. Ilowanishe kwa maji nyuma, ikikauka inajikaza. Ndani ya kabati nipake rangi gani? Weusi huficha waya mtu akichungulia. Mimi hupaka nyeupe, kwa sababu anayechungulia ni mmoja na anayetafuta plagi kwa tochi ni mimi.

Mende na vumbi?

Mende wanapenda joto, kwa hiyo watakuja. Bandika wavu wa plastiki wenye matundu madogo kwenye kila uwazi, na sponji nyembamba ya kuoshwa kwenye uwazi wa chini. Ioshe kila baada ya miezi 2. Sponji iliyojaa vumbi ni sawa na tundu lililozibwa.

Nina kabati la urithi. Nilikate?

Usilikate. Fungua mgongo, uufunge kitambaa na kuuweka stoo, kisha tengeneza mgongo mpya wa plaiwudi wenye matundu yote unayotaka. Rafu mpya zikae juu ya vishikio vinavyoondoka bila kuacha kovu. Yale makabati ya runinga ya kina cha sm 60 niliyoyataja yanafaa sana kwa printa: rafu ya kuvutwa nje, nafasi ya kuinua mfuniko, ruta juu yake.

Roboti ya kufagia?

Roboti nyingi zina kimo cha chini kidogo ya sm 10. Ondoa ubao wa chini wa kabati, acha uwazi wa sm 12, na kituo chake cha kuchajia kikae ukingoni, siyo kina kirefu. Zingatia nafasi tupu ambayo kitabu chake kinaomba mbele na pembeni, la sivyo itazunguka sebuleni usiku ikitafuta nyumbani.

Nina watoto wadogo.

Kabati refu lifungwe ukutani kwa vyuma, hata likiwa zito. Mtoto huzipanda droo zilizo wazi kama ngazi. Mfuniko wa mtambo wa runinga uwe na funguo.

Kuna kitu ambacho hutakubali kuficha?

Kisanduku kikuu cha umeme, kinachotakiwa kufikiwa gizani kwa mkono mmoja. Kitambua moshi. Kihisi joto cha kiyoyozi, kwa kuwa kikikaa kabatini kitapima joto la kabati na kupoza nyumba nzima kwa ajili ya ruta. Jokofu la kawaida pia, kama halikutengenezwa kwa kujengewa. Na kifaa chochote ambacho mwenye nyumba, nikimwuliza kinazimwaje kwa dharura, anajibu kwamba atanipigia simu.